Aliyewauliza wa Upande Wake

Mwenzangu, haya sijamwambia mtu. Mume wangu anajua nusu, na nusu hiyo aliisikia kwa watu. Nakwambia wewe kwa sababu nimekuona: ukisikia jambo hulikimbizi sokoni kabla hujalielewa. Basi kaa unisikilize mpaka mwisho, maana mwishoni nina ombi.

Mtu mwenyewe ni mwalimu wetu wa ngumbaru hapa Mambrui. Jina lake silitaji. Wanaomjua watamjua, na asiyemjua hapungukiwi. Wala sikwambii alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, maana swali hilo mwenyewe hakulipenda. Ukimuuliza, "Mwalimu, kwani wewe ni wa nani?" alikujibu, "Niulize nafanya nini. Utanijua upesi zaidi."

Mimi skuli niliiacha darasa la tatu. Nilirudi nina watoto wanne, nikaingia darasa la jioni baada ya alasiri pamoja na wanawake wenzangu kumi na wanane. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti karibu yatuguse kidevu. Mwalimu aliingia na mwavuli, mvua iwepo isiwepo. Miwani yake ilifungwa kwa uzi mweusi nyuma ya kichwa, na mfuko wa kulia wa kanzu ulikuwa mweupe kuliko kanzu yenyewe kwa vumbi la chaki. Hakutuita wanafunzi. Alituita "mabibi," hata siku tulizoandika b pahali pa d.

Neno lake lilikuwa "hebu ngoja." Ukimwambia samaki wamepanda bei, hebu ngoja, sokoni gani, leo au jana? Ukimwambia fulani kaposa, hebu ngoja, nani kakwambia? Hata mwezi wa Idi. Watu wako msikitini wanapongezana, yeye yuasimama: "Nani ameuona? Ameuonea wapi?" Shekhe akacheka siku moja, akasema, "Huyu hata mwezi autilia shaka." Akajibu, "Mwezi siutilii shaka, shekhe. Nautafuta mdomo wa kwanza ulioutaja." Watu walinung'unika kwa kuwa njaa ya Idi ishawashika, lakini shekhe hakumkataza. Alijua dini ndivyo itakavyo, shahidi aulizwe.

Ubaoni, pembe ya juu kushoto, palikuwa na maswali matatu ambayo hatukuruhusiwa kuyafuta. Nani kasema? Amejuaje? Na la tatu: kama maneno hayahaya yangesemwa na yule usiyempenda, ungesemaje? Yale mawili tuliyapenda. La tatu lilitukera kama kokoto kwenye mchele.

Kuna siku aliandika maneno ya mwanasiasa mmoja juu ya vyoo vya skuli, jina hakulitaja. Akatuuliza maneno hayo yana akili au hayana. Tukayasifu, tukasema huyu ndiye kiongozi, huyu anajua shida za watoto. Jirani yangu Bi Khadija, ambaye ndiye aliyekuwa akituongoza wanawake kwenye mikutano ya chama, alisema huyo mtu apewe hata kura mbili. Mwalimu akaandika jina chini yake. Ni yule wa upande wa pili, ambaye jina lake Bi Khadija alikuwa halitaji bila kutema mate.

"Mwalimu, umetutega," Bi Khadija akasema.

"Sikuwatega. Niliwaficha jina tu. Akili zenu zilifanya kazi vizuri sana lilipokuwa halipo."

"Basi nimebadili. Hayana akili."

Darasa zima likacheka, na yeye akacheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema.

Na ya leso nikwambie. Mheshimiwa wetu alikuwa amehama chama mwaka huo, na sisi tukahama naye, tukaanza kukitukana chama tulichokuwa tukikiimbia. Leso zikagawiwa, picha yake katikati, kubwa, anacheka. Tulizivaa kila mahali: harusini, kisimani, matangani. Nami nikaivaa darasani. Mwalimu akaniangalia, akasema, "Mama Zubeda, leo hatutumii kitabu. Tusomee jina la leso yako."

Nikaitandaza dawatini nikaanza kusoma yale maandishi ya chini, polepole, kidole juu ya herufi. Nilipofika neno la tatu nikalirudia mara mbili. Yalikuwa ni wito wa kile chama cha zamani, kilekile tulichokuwa tukikilaani. Leso zilikuwa zimebaki bohari tangu kampeni zilizotangulia, zikatolewa, na wanawake mji mzima tulizivaa mwezi na zaidi tusizisome, kwa kuwa picha tuliijua. Na baadhi yetu tulikuwa tukijua kusoma. Hilo ndilo lililonichoma. Tulicheka siku ile hadi mmoja wetu akatoka nje kujifuta machozi. Bi Khadija peke yake hakucheka. Alisema, "Mwalimu, watudhalilisha."

"Mimi sikuichapa leso, Bi Khadija."

Usidhani mtu huyu alikuwa na mizani kila mahali. Timu ya mtaa wake ikifungwa, refa alikuwa amehongwa. Ikifungwa mabao manne, refa alikuwa amehongwa mara nne. Nilimwambia, "Mwalimu, na lile swali la tatu?" Akanikata jicho: "Mpira ni mpira." Alikuwa na hasira za karibu. Kusifu kulimshinda, ukiandika insha nzuri alikurudishia na neno moja, "Endelea," nawe ukae wiki nzima unalitazama neno hilo. Na chama chetu, hicho tulichohamia, hakukiacha. Watu husahau hili. Kadi yake ilikaa mfuko wa kifuani, ndani ya karatasi ya nailoni, na siku ya kura alikuwa wa kwanza mstarini. Aliwapenda watu wake. Hakuona kwamba kupenda ni kunyamaza.

Sababu alinieleza mara moja. Mvua ilikuwa kubwa, nikafika darasani peke yangu. Alikaa dawatini, si kwenye kiti chake, akaniambia alikuwa na ndugu yake Takaungu, mkubwa kwake, na vyama viliwatenganisha. Sikumbuki maneno yote, nakumbuka mkono wake ukifuta chaki ambayo haikuwepo. Alisema, "Nilimwita mwongo mbele ya wanawe. Nilikuwa sijasoma hata karatasi moja ya jambo lenyewe. Nilikuwa nimesikia." Yule ndugu alikufa hawajasemezana. Mwalimu alifika maziko yamekwisha, akasimama kaburini na mwavuli wake. "Wale niliomtukania," akaniambia, "hakuna hata mmoja aliyekuja kumzika." Kisha akasema mvua imepungua, niende kwa wanangu.

Alikuwa mjane, hana mtoto, nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Ramadhani zote nilimpelekea futari. Wajua ilivyo kwetu: sinia inapangwa, sahani ya huyu, sahani ya yule, na jirani anayeishi peke yake ndiye anayetangulizwa. Kwake zilikuwa zikienda sahani nne, tano, kaimati za huku, mbaazi za kule, yeye hapiki hata chai ikanyweka. Na sahani yako hairudi tupu. Yeye alirudisha ndimu tatu za mti wake, siku zote tatu, zimepanguswa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo naingia mimi.

Binti yangu mkubwa, Zubeda, alishikwa na uchungu mchana. Zahanati yetu haina pa kuzalishia, tukampakia tuktuk kumkimbiza Malindi. Mtoto alikufa kabla hatujavuka daraja la Sabaki. Nilimshika mjukuu wangu kwenye leso. Sitasema zaidi. Nataka tu ujue nilikuwa na nini moyoni kampeni zilipoingia, mheshimiwa akasimama uwanja wa skuli na kusema jengo la uzazi lishaingia bajeti ya kaunti, linakuja, nani hapa halitaki. Mimi nililia. Nililitaka jengo lile kuliko nilivyoutaka ukweli.

Mwalimu akanyoosha mkono. Akapewa kipaza sauti kwa kuwa ni wetu.

"Asalaam aleikum. Mimi ni mwenzenu, kadi yangu hii. Nauliza tu. Kitabu cha bajeti nimekisoma, sikuliona jengo hilo. Liko ukurasa wa ngapi?"

Mheshimiwa akatabasamu. Akauliza yeye: "Mwalimu, umetumwa na nani?"

Yalitosha hayo. Bi Khadija akainuka wa kwanza. "Semaaa, umetumwa na nani?" Wanawake wakaitikia. "Hana mke, hana mtoto, jengo la uzazi alitakia nini?" Kicheko kikapita uwanjani kama moto kwenye makuti. Mwalimu aligeuka upande wetu wanawake. Alikuwa akitutafuta, sisi wa darasa lake, kumi na tisa wote tulikuwepo. Macho yake yakasimama kwangu. Alijua mimi namjua. Nami, mwenzangu, nikaweka mkono mdomoni nikapiga kigelegele cha kumzomea. Kirefu. Bado nakisikia.

Alirudisha kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha mtoto wa watu, akaondoka.

Hakupigwa, hakutukanwa barabarani. Kwetu mtu huachwa tu. Salamu yake iliitikiwa nusu. Msikitini palibaki pengo upande wake wa kulia na wa kushoto hadi imamu awaambie watu wasogee. Darasani tulitoka kumi na tisa tukawa saba, kisha wawili, kisha akawa anakuja mwenyewe, anaandika tarehe ubaoni, anakaa mpaka karibu na magharibi, anafuta tarehe, anaondoka. Mimi nilikuwa nikimwona kutoka uani kwetu nikianua nguo. Nilimwona hivyo siku nyingi. Sikwenda.

Ramadhani ikaingia. Nikapanga sinia, mkono ukaichukua sahani ya mwalimu, na Bi Khadija alikuwa hapo ameketi kwenye mkeka. Akasema, "Hiyo yaenda wapi?" Sauti ya kawaida kabisa. Nikasema, "Haiendi popote." Nikazila kaimati zile mwenyewe baada ya tarawehe. Mwezi mzima sikuona kawa hata moja ikiingia mlango ule. Tena sahani yangu ya maua mekundu ilikuwa bado kwake, tangu kabla ya mkutano. Sikuifuata, na yeye hakuileta. Angeileta, ingeonekana ameomba.

Lakini sikiliza jambo hili. Baada ya uchaguzi, mheshimiwa ameshapita, mwalimu alisimama nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, kitabu cha bajeti mkononi. Mume wangu alikuwepo. Anasema alisema hivi: "Ndugu zangu, niliwaambia jengo halimo. Limo. Nililitafuta chini ya jina la mji wetu, na limeandikwa chini ya jina la tarafa. Nilisoma kwa haraka. Nimekosea, mnisamehe."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Kumbe mwenyewe amekiri." Akajaribu kuendelea: "Lakini hebu ngojeni. Limeandikwa jengo. Maji hayakuandikwa, wala mkunga..." Tayari walikuwa wanavaa viatu. Mume wangu alinisimulia huku akicheka, kisha akaacha kucheka, akasema, "Sijapata kuona mtu wa siasa akirudi kusema nimekosea, na hakuna aliyemlazimisha." Nikamwambia, "Huyo si mtu wa siasa." Akasema, "Ndiyo maana yuko peke yake."

Jengo lilijengwa. Lipo, limepakwa rangi, lilifunguliwa kwa ngoma na mimi nilicheza. Halafu likafungwa kufuli. Bomba halitoi maji, mkunga hajaletwa. Mbuzi hulala barazani pake. Wanawake bado wanapelekwa Malindi, na Sabaki iko palepale. Hakuna anayeuliza, kwa sababu mheshimiwa ni wetu, na aliyekuwa akiuliza tulimnyamazisha.

Mwezi uliopita nikasikia mwalimu anahama. Macho yameisha. Alikwenda hospitali Kilifi, wakamwambia amechelewa. Binti wa yule marehemu nduguye angekuja Ijumaa kumchukua, akae naye Takaungu. Nikahesabu siku, tatu. Na nilishafundishwa tangu utotoni, chuo cha Kurani: Mola husamehe yaliyo yake, lakini haki ya mja uifuate kwa mja mwenyewe. Nilikuwa nimeswali miaka mitatu nikilizunguka jambo hilo.

Nikaenda Jumanne. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitandani, mwavuli ukutani, miwani bado imefungwa kwa uzi ingawa haina kazi tena.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Zubeda. Endelea." Alinijua kwa sauti.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamwambia jengo limefungwa, yeye alisema kweli, sisi tulikuwa vipofu. Neno hilo likanitoka, nikajuta. Yeye hakulijali.

"Hebu ngoja," akasema. "Waniomba radhi kwa kuwa nilikuwa sawa, au kwa kuwa ulinizomea?"

"Si vyote viwili, mwalimu?"

"Jengo limo bajetini. Mimi nilisema halimo. Nilikosea. Lau lingekuwa leo linafanya kazi, maji yapo, mkunga yupo, watoto wanazaliwa salama, ungekuja hapa?"

Nilisikia ndimu ikidondoka nje.

"Nenda ukafikiri," akasema. "Sikufukuzi."

Sikulala vizuri. Nilijijibu moyoni ndiyo, nikajua ni uongo. Alhamisi baada ya alasiri nikarudi, nimebeba kaimati chini ya kawa, ingawa si Ramadhani.

"Mwalimu, nisingekuja," nikamwambia. "Jengo lingefanya kazi, ningekupita njiani mpaka nife. Ningesema alistahili. Basi leo sikuja kwa ajili ya jengo. Nimekuja kwa ajili ya kile kigelegele. Ulikuwa unauliza tu, na mimi nilikuwa najua kwamba unauliza tu."

Akatafuna kaimati. Mimi nilikuwa nalia, yeye hanioni.

"Nimekusamehe," akasema, "ya hapa na ya huko. Na wewe unisamehe. Ule mwezi wa futari nilikuchukia wewe kuliko wote. Nilikaa mlangoni nikisikiliza kila hatua kama ni yako."

Kisha akasema chini ya mto pana kitabu kipya cha bajeti, ameletewa na mtu wa kaunti, na hana wa kumsomea. Kiingereza, mwenzangu, na mimi Kiingereza changu hata kununua dawa hakitoshi. Akasema haidhuru. Basi mimi nikawa nataja herufi moja moja, yeye anaunganisha neno na kulifasiri, anaanza kutafuta chini ya jina la tarafa. Tulilikuta jengo. Limetengewa rangi upya. Maji hatukuyakuta.

"Rudia," akasema. "Mara ile nilikosea kwa haraka."

Tukarudia, na chini ya jina la mji, na kwenye kurasa za maji za kaunti nzima, mpaka adhana ya magharibi. Hayakuwamo. Nilipoinuka akapapasa rafuni, akanipa sahani yangu ya maua mekundu. Ilikuwa imeoshwa. Juu yake ndimu tatu.

Ijumaa gari lilikuja likamchukua. Tuliokuwepo mlangoni tulikuwa wawili, mimi na yule binti wa nduguye aliyemjia. Kitabu aliniachia mimi.

Wiki ijayo kaunti wanakuja ukumbi wa skuli kusikiliza maoni ya wananchi. Kadi yangu ninayo, nao ni wenzangu, na nitauliza maji yako ukurasa wa ngapi. Bi Khadija ameshasikia. Jana kisimani aliniuliza, "Na wewe, Mama Zubeda, watumwa na nani?" Nikajitwika ndoo yangu. Nilishajua upweke huo una umbo gani, niliutazama miaka mitatu kutoka uani kwangu.

Ombi langu ni hili. Habari ya mtu huyu mfikishie mwingine, na huyo amfikishie wa pili. Ila msimpambe. Mseme timu yake ilifungwa mabao manne akamlaumu refa. Mseme alikosea ukurasa, akarudi kusema. Na msikilizaji wako akikuuliza umejuaje, mwambie umeambiwa na mmoja wa waliomzomea.